Ganda Nililolipiga Pasi

Ijumaa iliyopita nilimkabidhi Esperance, anayerithi kazi yangu, funguo tatu: ya mlango, ya kabati la chuma, na ile ndogo ambayo hakuna anayejua inafungua nini. Idara ilinunua keki. Mkuu wa idara akanisifu kwa mambo mawili ambayo sikuyafanya, akasahau moja nililolifanya, kisha wakanipa birika la umeme. Sasa mimi ni mstaafu mwenye birika, na ninyi mnaobaki katika chumba kile cha chini mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Naandika kwa Kiswahili. Miaka yote nilizungumza Kiingereza na wakubwa, Kizulu kibovu na wauza chakula, nikasoma Kigiriki ambacho wenyewe walishakufa zamani. Naona nina haki ya kumalizia kwa lugha ninayoota nayo ndoto. Wasioijua, Esperance atawasomea.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara haukuwa wa kusimuliwa.

Kabla ya Durban nilikuwa mwalimu wa Kilatini na Kigiriki katika sekondari moja ya mapadre karibu na Bukavu. Nilipofika huku na mke wangu na mabegi mawili, niligundua kwamba hakuna anayetafuta mwalimu wa Kigiriki, sembuse mkimbizi. Nikawa mlinda magari kwenye maegesho ya chuo. Nilivaa kizibao cha rangi ya chungwa, nikawaonyesha watu mahali pa kuegesha hata pale walipokuwa wanapaona wenyewe. Wengi wetu pale tulikuwa tumesoma. Kulikuwa na mhandisi, kulikuwa na muuguzi, na ubishi wetu wa mchana ulikuwa mzito kuliko ule wa madarasani.

Dokta Vasanthi alifundisha historia ya Ugiriki ya kale. Alikuwa mama mfupi, Mhindi wa hapahapa Durban, raba nyeupe miguuni na miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Asubuhi moja alifungua buti ya gari lake, upepo ukamnyang'anya karatasi moja nzito, nami nikaikimbilia mpaka nikaikamata kwenye uzio. Haikuwa na wino hata tone. Ilikuwa nyeupe, yenye vinundu, na nilipoielekeza juani vinundu vile vikawa herufi, zimegeuka kama unavyoziona kwenye kioo. Nikaisoma kinyumenyume, kwa sauti: Demeta.

"Nani alikufundisha kutamka hivyo?" Dokta akauliza.

"Mapadre wa Kibelgiji, Mama."

"Basi wana kesi ya kujibu." Akacheka, halafu akakitazama kizibao changu, kicheko kikamkatikia. "Na unafanya nini hapa nje?"

Alichukua miezi kadhaa kupigana na ofisi moja baada ya nyingine, na mwisho wake nikaanza kazi ndani.

Lazima niwaeleze wageni wa kazi hii. Wagiriki wa kale walichonga mambo yao kwenye mawe: sheria, orodha, shukrani kwa miungu. Jiwe huwezi kulitia mfukoni. Kwa hiyo mtaalamu analisafisha, analifunika kwa karatasi nzito iliyoloweshwa maji, kisha anaipiga karatasi hiyo kwa brashi ngumu mpaka iingie ndani ya kila herufi. Inakaukia hapohapo, halafu inabanduliwa. Unachobeba ni uso wa jiwe, mwepesi wa kuwekwa kwapani. Wataalamu wana jina lao la kitu hiki. Mimi niliyaita maganda, na jina likashika. Chumba chetu kimejaa maganda yaliyoachwa na watu waliotutangulia. Brashi yetu ya mfano ilikuwa ya nywele za nguruwe. Mfagizi wetu, mzee Mwislamu wa Chatsworth, hakutaka hata kuisogelea, kwa hiyo kila alipokuja kupiga deki niliiweka juu ya kabati kabla hajaingia, na tukaishi kwa amani.

Ganda halisomwi kwa taa ya dari. Funga pazia, shusha taa ya mkono pembeni kabisa, usawa wa meza, ili kila kinundu kitupe kivuli chake. Kisha isogeze taa, taratibu, kuzunguka. Herufi inayoonekana kutoka kushoto tu, na kutoka kulia inatoweka, huenda ni mkwaruzo wa jembe la mkulima. Samosa ziachwe nje ya mlango. Na mchoro wako usionyeshe unachokijua, uonyeshe unachokiona. Hili la mwisho ni gumu kuliko kuacha samosa.

Somo la kwanza la Dokta lilinikera. Nilikuwa nimemwambia, kwa kujiamini kwa mwalimu wa sekondari, kwamba Wagiriki walimwabudu Demeta kama mungu wa nafaka. Akavua miwani.

"Wagiriki gani, Bwana Bahati?"

"Wagiriki wa kale, Dokta."

"Sijawahi kukutana nao. Nimekutana na watu wa mji huu na watu wa kijiji kile. Demeta wa wapi?"

Akaanza kunihesabia. Demeta wa Figalia alikuwa na kichwa cha farasi na alivaa nyeusi. Kule Hermione, ng'ombe wake alichinjwa na mabibi vizee, kwa mundu, milango ikiwa imefungwa. Mungu mwingine, Artemi wa Brauroni, alitaka wasichana wadogo wacheze dubu mbele yake. Kila mji ulikuwa na miezi yake, sikukuu zake, na hadithi yake ya jinsi mungu alivyopita pale akapapenda kuliko kwingine kote. Kila mji pia uliapa kwamba jirani anadanganya. Ukisema "Wagiriki waliamini", alisema, umeshawafuta watu wote hao kwa maneno mawili.

Nilirudi nyumbani Sydenham nimenuna. Lakini mtaani kwetu kuna makanisa mawili ya Wakongo, moja kwenye gereji, jingine juu ya duka la simu. Nyimbo ni zilezile. Hawa wanafunga Jumatano, wale Ijumaa. Hawa wanasema mwanzilishi wao alipata maono akiwa Uvira, wale wanasema wao walianzia Kalemie na kwamba Uvira hakukuwa na maono yoyote, kulikuwa na malaria. Mtu wa nje akiandika kwamba "Wakongo wa Durban hufunga Jumatano", nusu ya mtaa itamfuata hadi kwake. Kesho yake nikamwambia Dokta kwamba nimeelewa, nikamsimulia. Tangu hapo alitumia makanisa yetu katika mihadhara yake kila mwaka, na hakuniomba ruhusa hata mara moja.

Sasa nije kwenye pasi. Najua ndiyo mnayoingojea.

Ilikuwa mwezi wangu wa tatu. Wageni wa kitivo walikuwa wanakuja kukiona chumba, nami nilitaka king'ae kila pembe. Nilichukua pasi kutoka jiko la idara, nikanyoosha kitambaa cha meza, kikanyooka vizuri sana. Pembeni kulikuwa na ganda moja kubwa ambalo Dokta alikuwa akilifanyia kazi. Lilikuwa limejikunja na kuvimba, lina mawimbi kama shuka lililolaliwa. Mimi ni mtoto wa mama aliyepiga pasi hata magazeti ya kufunikia madaftari yetu. Nikalitandazia kitambaa chenye unyevu, nikaanza kupiga kutoka chini kupanda juu. Nilikuwa nimefika karibu na katikati, najisifu kimoyomoyo, nilipomwona Dokta amesimama mlangoni.

Hakupiga kelele. Alikuja, akachomoa waya wa pasi ukutani, akaketi.

"Umeondoa herufi," alisema.

Mtaniuliza: wewe uliyesoma vinundu vile kule maegeshoni, ulifikiri nini? Sikufikiri. Nilikuwa na pasi mkononi, nikaona mikunjo.

"Tuwaandikie Ugiriki walibandue jingine," nikasema. "Jiwe lipo wapi?"

"Lilivunjwa na kuchomwa liwe chokaa kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Hakuna ganda jingine."

Ganda lile lilitoka kwenye kijiji kidogo cha mlimani, katikati ya Peloponesi. Lilikuwa sheria ya sadaka ya Demeta wao. Mistari kumi na miwili ya juu Dokta alikuwa ameshaisoma: siku ya kuchinja, ng'ombe jike asiyewahi kufungwa nira, divai marufuku, nyama iliwe palepale na asitoke nayo mtu. Mstari wa kumi na mbili ulitaja fungu la kuhani, ambaye alikuwa mwanamke: ngozi, paja, na nusu ya kichwa. Chini yake kulikuwa na mistari mitano iliyochakaa sana, ambayo haikuwahi kusomwa na mtu yeyote. Dokta alikuwa ameiweka akiba, aifanyie kazi kwa raha zake. Hiyo mitano ndiyo niliyoipiga pasi.

Nikavua beji yangu, nikaiweka mezani.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, Dokta."

"Na mistari mitano nani ataisoma? Mimi nina madarasa. Wewe ndiye uliyeipiga pasi, wewe ndiye utakayeisoma."

Sikujua kama ile ilikuwa adhabu au huruma. Nadhani siku hiyo hata yeye hakujua. Niliivaa tena beji, nikaenda jikoni kurudisha pasi. Wageni wa kitivo walikuja, wakasifu kitambaa cha meza.

Baada ya miaka michache mzigo ukaongezeka. Ilikuja barua kutoka kijiji kilekile, imeandikwa na mwalimu wa shule aitwaye Bi Stamatia. Juu ya kijiji chao kuna misingi ya mahali pa ibada, na babu zao wamelima kwa kuizunguka vizazi na vizazi. Mji mkubwa wa bondeni ulikuwa umeweka bango pale, likisema kwamba hapo palikuwa patakatifu pa mji. Kijiji hakikutajwa. Walipolalamika waliambiwa walete ushahidi, na ushahidi pekee duniani ulikuwa ganda letu. Mistari kumi na miwili ilimtaja Demeta na ng'ombe, haikutaja kijiji chochote. Bi Stamatia aliuliza kwa adabu kama mistari ya chini ilikuwa tayari. Dokta akanipa barua ile nijibu mwenyewe. Nilimweleza yote, pamoja na pasi. Alijibu kwa sentensi moja: kijiji kimesubiri muda mrefu, kitaongeza.

Taa ya pembeni haikunisaidia. Nilizungusha taa miaka miwili, karatasi ikanitazama tu, laini kama bahasha. Nilijaribu kioo, nikajaribu tochi ya baiskeli, nikajaribu kuomba. Mwaka wa tatu, asubuhi moja, nilimwona mdudu wa karatasi akikatiza juu ya ganda. Nikaliinua nimpulize, nikawa nimelishika mbele ya dirisha. Jua lilikuwa nyuma yake. Na ndani ya karatasi, hafifu, nikaona mstari uliosimama na mkingamo juu yake.

Nilipiga yowe mpaka mlinzi wa jengo akashuka mbio.

Sababu yake ni hii, na muikumbuke. Brashi inapoisukuma karatasi ndani ya herufi, karatasi inavutika, inakuwa nyembamba pale. Pasi yangu ililaza vinundu, lakini haikuweza kurudisha unene. Kwa hiyo palipokuwa na herufi mwanga unapita zaidi kidogo. Nikatengeneza meza ya kioo yenye balbu chini yake, ileile mnayoitumia leo kuwekea mafaili. Nilichora, nikaficha mchoro, nikachora tena baada ya mwezi bila kuutazama wa kwanza. Michoro ilipokosana, niliifuta yote miwili. Kwa mwendo huo nilipata wastani wa herufi moja kwa juma, na majuma mengine nilipoteza niliyokuwa nimeipata.

Mstari wa kumi na tatu ulikuwa faini ya anayetoka na nyama. Wa kumi na nne na wa kumi na tano ni jinsi ya kuosha madhabahu. Hakuna kijiji humo. Imebaki miwili, na hapo ndipo nilipokwama miaka mingi kuliko ninavyopenda kusema. Yule aliyelibandua ganda aliichana karatasi kwenye ukingo wa jiwe, akaibandikia kiraka cha karatasi ya pili. Tabaka mbili. Mwanga haukupita.

Wakati huohuo Dokta alistaafu, na sukari ikaanza kumla macho. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nilimtembelea kwake Overport. Alikuwa ananikaribisha chai, na kabla sijaketi ananiuliza, "Umefika wapi?"

"Palepale, Dokta."

"Haya. Mimi siendi popote."

Mwaka jana aliacha kuisema hiyo sentensi ya pili. Alikuwa anauliza tu, nikimjibu anaitikia kwa kichwa. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa, na miguu nayo ilianza kumsumbua. Mimi nami nilikuwa nimebakiza miezi kabla ya kustaafu. Nilianza kuogopa, nasema kweli. Niliogopa kwamba nitamzika mwanamke huyu kabla sijamwambia kilichoandikwa kwenye mistari niliyomharibia.

Msaada ulitoka Warwick, soko la penye kituo cha teksi, kwa akina mama wanaochemsha vichwa vya ng'ombe. Kila ninaposhuka pale kubadilisha teksi huwa nakula kwa Ma Thandi, ambaye tumefahamiana tangu enzi za kizibao. Siku hiyo alikuwa anapasua kichwa kwa shoka dogo, pigo moja, katikati kabisa. Kwa Kizulu changu cha kubahatisha nikamwambia kwamba nina sheria ya kale sana nyumbani kwa kazi yangu, na kwamba ndani yake mama mmoja wa dini anapewa nusu ya kichwa.

"Na nusu nyingine?"

"Haisemi."

Ma Thandi akashusha shoka. "Hawu, Baba! Haiwezekani. Ukishapasua kichwa mbele ya watu, kila mtu anaitazama ile iliyobaki. Ukimtaja wa kwanza usimtaje wa pili, watapigana hapohapo. Huyo aliyeandika sheria, alishawahi kupika kweli?"

Nikauacha mkate wangu juu ya meza.

Miaka yote katika mistari ile miwili nilikuwa nikitafuta majina ya maofisa, kwa sababu sheria nyingine nilizozijua zinaishia kwa maofisa. Nilikuwa natafuta mambo ya ofisi. Sikuwahi kujiuliza, baada ya kuosha madhabahu, bado kuna nini mezani. Nilirudi chuoni, nikanunua njiani balbu yenye nguvu zaidi, nikafunika karatasi yote isipokuwa kiraka, nikapiga picha nyingi, nikazipanga moja juu ya nyingine kwenye kompyuta kama Esperance alivyonifundisha. Siku ya nne niliona neno "nusu" limerudi. Nikaendelea mpaka mwisho wa jiwe. Nilipomaliza, nikafungia mchoro wangu kwenye kabati la chuma na sikumwambia mtu yeyote.

Mtu mwenye hamu ana macho ya kupendelea, na mimi nilikuwa na hamu ya miaka ishirini na ushee. Kwa hiyo nilimpa Esperance picha, nikamwambia achore anachokiona. Sikumtajia Ma Thandi wala kichwa. Esperance amekulia Sydenham, mamake ana saluni, na Kigiriki nimemfundisha mimi, kwa matamshi yaliyorekebishwa. Majuma mawili nilikuwa nikipita nyuma yake nikijifanya natafuta kalamu. Hatimaye akaniita, kwa Kiswahili cha Kongo alichokulia nacho.

"Papa Anselme, miye siyue kama niko sawa. Hapa iko 'nusu ingine'. Donc, ya kichwa."

"Endelea."

"Na huku banasema bapewe bale bantu benye balihamia, benye banaikala pamoja na... hapa iko jina. Jina ya kijiji. Pamoja na bantu ba hicho kijiji." Akaigeuza kalamu vidoleni. "Bageni, Papa. Benye balikuya na bakabakia."

"Una hakika?"

"Eish, franchement, niliangalia mara kumi! Ni kama banasema juu yetu."

Nikafungua kabati, nikaweka mchoro wangu kando ya wake. Ililingana herufi kwa herufi, isipokuwa moja, na katika hiyo moja yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Nililia, na sioni haya kuandika. Nimesimama kwenye foleni nyingi za karatasi za ukimbizi katika mji huu, najua uso wa mtu wa dirishani anapoliona jina langu. Na watu wale wa mlimani, wasiojulikana na mtu, walikaa wakagawa ng'ombe wao, wakafika kwenye nusu ya kichwa, wakasema: hii ni ya waliohamia. Hawakuwapa shamba wala kura. Waliwapa nusu ya kichwa, lakini waliichonga kwenye jiwe ili mwakani asije mtu akajifanya amesahau. Na angalieni jambo jingine. Kijiji kinatajwa mara moja tu katika sheria nzima, na ni hapo. Wenyeji hawakuwa na haja ya kujitaja, kila mtu aliwajua. Ilibidi waseme wao ni nani pale tu walipotaka kusema wageni wanaishi na nani.

Nilimtumia Bi Stamatia michoro yote miwili. Alijibu siku hiyohiyo. Aliwasomea watu kwenye mkahawa wa kijiji, na familia moja ya wahamiaji wa Kialbania inayochunga mbuzi pale iliomba isomewe tena. Bango la mji halijabadilishwa hadi leo ninapoandika. Ofisi ni ofisi, ziwe huku au kule. Lakini ushahidi uko mezani kwao, una namba ya faili, na Bi Stamatia si mtu wa kuchoka.

Sikungoja Jumamosi. Siku iliyofuata nilivunja sheria niliyowafokea ninyi nyote mara nyingi, nikalitoa ganda chumbani. Nililiweka kati ya mbao mbili, nikalibeba hadi Overport mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na dereva wa teksi akaniruhusu kiti cha mbele.

Dokta alinifungulia mwenyewe, akipapasa ukuta. Hakuuliza nimefika wapi. Nilimkalisha, nikamwekea ganda magotini. Vidole vyake viliijua mistari ya juu mara moja, vikaanza kutembea, midomo ikivifuata: siku, ng'ombe, divai, ngozi, paja, nusu ya kichwa. Kisha vikashuka chini, kwenye ulaini.

"Hapa hakuna kitu," alisema.

"Hapo ndipo penyewe, Dokta."

Nikamsomea mistari mitano, kwa Kigiriki, halafu kwa Kiingereza. Akasema nirudie. Nikarudia. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya karatasi.

"Na kijiji kimetajwa?"

"Katika sentensi hiyohiyo."

"Kwa sababu ya wageni."

"Kwa sababu ya wageni, Dokta."

Alianza kucheka, kile kicheko cha maegeshoni, mpaka nikaliondoa ganda magotini mwake nisije nikapata balaa la pili. Alipopata pumzi akauliza kama nina kalamu na kama nimekuja na kadi. Kila ganda lina kadi ya historia yake, na ya hili alikuwa amekataa kuijaza. Nilikuwa nimekuja nayo.

"Andika ninavyosema," alisema, "wala usiongeze chumvi. Mstari wa kwanza hadi wa kumi na mbili, umesomwa na Vasanthi."

Nikaandika.

"Mstari wa kumi na tatu hadi wa kumi na saba. Umepigwa pasi na Anselme Bahati."

Nikaandika.

"Umesomwa na Anselme Bahati. Nisomee."

Nilimsomea yote, tangu juu. Akanyoosha mkono, nikamtia kalamu vidoleni na kuuelekeza mkono wake chini ya kadi. Akatia sahihi. Imepinda, imepanda juu ya mstari, lakini inasomeka.